Kitanda cha mama wa mapacha njiti kiandikwe kwenye bajeti ya hospitali

Katika hospitali zetu nyingi za umma, mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache, kidonda kikionekana kinaendelea vizuri. Faili lake hufungwa, kitanda hupewa mzazi mwingine anayesubiri kwenye korido, na yeye huambiwa anaweza kurudi nyumbani. Lakini watoto wake wawili, waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 30, kila mmoja na kilo moja na kitu, wamelazwa kwenye chumba cha watoto wachanga mahututi. Muuguzi anamhitaji pale na maziwa aliyokamua saa tatu usiku, kisha saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri. Nyumbani huko ataendaje?

Haendi. Mchana anakaa kwenye benchi nje ya wodi. Usiku anatandika kanga kwenye varanda, au kwenye kona ya wodi ya wazazi kama muuguzi wa zamu ana huruma. Beseni, chupa ya chai na mfuko wa nguo ameviweka chini ya kitanda cha mtu mwingine. Anaoga mapema kabla wafanya usafi hawajaanza kazi. Chakula kinatoka nyumbani, kama nyumbani ni karibu. Kama amefika kwa rufaa kutoka wilaya nyingine, ananunua kwa mama lishe wa getini, na siku hela ikikata anakula kwa wenzake. Wenzake hao ndio ukoo wake kwa wiki hizo. Wanaitana kwa hali za watoto, maana wengi bado hawajapewa majina: mama mapacha, mama wa oksijeni, mama wa kilo moja.

Nataka kusema jambo moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa karibu. Mama huyu ni sehemu ya matibabu ya watoto wake kama ilivyo oksijeni, lakini katika hesabu za hospitali hayumo. Akishafungiwa faili anahesabiwa kuwa mtu aliyekuja kuona wagonjwa. Kitanda chake, milo yake, maji yake ya kuoga na mahali pake pa kukamulia maziwa vinapaswa kuandikwa kwenye gharama za kumtibu mtoto njiti, mstari mmoja na dawa na mashine.

Tuanze na takwimu, kwa sababu zinaonyesha mahali tulipokwama. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania wanafariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa 2022 ukakuta wameshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa, yametokana na chanjo, vyandarua, dawa za malaria na kazi ya watu wengi. Sasa angalia wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza: walikuwa 25 kati ya 1,000, wakawa 24. Karibu hakuna kilichobadilika. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano sasa vinatokea katika mwezi wa kwanza wa maisha, na kuzaliwa kabla ya wakati ni moja ya sababu kuu za vifo hivyo.

Mapacha wako mstari wa mbele katika hatari hiyo. Tumbo lenye watoto wawili huwahi mara nyingi zaidi kuliko lenye mmoja, na watoto wenyewe huwa wadogo hata mimba ikifika mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara ulikuta takriban pacha mmoja kati ya watano anafariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na kwamba vifo vya mapacha vimepungua taratibu kuliko vya watoto waliozaliwa mmoja mmoja. Sisi tunaowapokea Kulwa na Doto kwa vigelegele tungepaswa kuzijua takwimu hizi kwa moyo.

Tunafahamu nini kinachowaokoa? Mengi tunayafahamu. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na hospitali iliyojaa njiti, mashine za joto hazitoshi, na maambukizi yakiwamaliza watoto waliolazwa wawili watatu kwenye mashine moja. Aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wanyonye na kupata joto hapo hapo. Ndiyo huduma tunayoiita kangaruu. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa njia ya kuhudumia mtoto ambaye ameshatulia, yaani amekwishatoka kwenye hatari. Aliyekuwa mahututi alibaki kwenye mashine na mama alibaki nje ya mlango.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, yetu ikiwa Dar es Salaam. Watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida: mashine ya joto kwanza, kangaruu baadaye mtoto akitulia. Kundi la pili lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama mtoto bado hajatulia. Ili hilo liwezekane, kitanda cha mama kilibidi kiingizwe ndani ya chumba cha watoto mahututi. Katika kundi la kawaida, asilimia 15.7 ya watoto walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi la mama na mtoto pamoja walifariki asilimia 12.0. Vifo vilipungua kwa robo, na watoto waliopatwa na maambukizi wakawa wachache pia. Tofauti ilipoonekana wazi, utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la kwanza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya: njiti aanze kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Katika utafiti ule, wakiwa bado kwenye chumba cha mahututi, watoto wa kundi lililofanikiwa walikaa kifuani kwa takriban saa 17 kwa siku. Wa kundi la kawaida walikaa saa moja na nusu. Hakuna mama anayeweza kumshika mtoto kifuani saa 17 akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ana mshono tumboni, na hajala tangu jana. Saa 17 zinataka kitanda chenye mgongo wa kuinuka, chakula, choo cha karibu na mtu wa kumpokea. Matokeo ya utafiti tumeyapokea kwa makofi, na masharti yaliyoyaleta tumeyaacha.

Halafu kuna maziwa. Mtoto wa wiki 30 hawezi kunyonya. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 32 hadi ya 34, kwa hiyo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni. Maziwa ya mama yake ndiyo chakula bora kuliko vyote, na humkinga dhidi ya ugonjwa hatari wa utumbo unaowapata zaidi njiti. Lakini maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mama asiyenyonyesha anapaswa kukamua mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwamo, la sivyo yanaanza kukauka.

Kwa mama wa mapacha hesabu ni hii. Watoto wawili, kila mmoja analishwa mara nane, jumla milo 16 kwa siku. Kabla ya kila awamu ananawa, anavaa gauni la wodi, anakamua kwa mkono kwa nusu saa hivi, anagawa maziwa kwenye vikombe viwili, anayapeleka. Muuguzi anapima, anaunganisha bomba, na maziwa yanashuka polepole kwa uzito wake yenyewe, kwa Kulwa kwanza, kisha kwa Doto. Anawabadilisha nepi kwa kupitisha mikono kwenye madirisha ya mashine ya joto. Anaosha vikombe, vinachemshwa. Akitoka nje saa imekwisha na zaidi. Amebakiwa na chini ya saa mbili za kula, kuoga, kufua vitambaa na kulala kabla ya kuanza tena. Hivyo hivyo, usiku na mchana, kwa wiki sita au nane. Na huyu ndiye tunayemwambia alale alikotokea, apande daladala mbili alfajiri, ajibizane na mlinzi getini.

Mdogo wangu alipojifungua mapacha wa wiki 30, nilikaa naye hospitali nikiwa mtu wake wa kutumwa. Sitaitaja hospitali, kwa sababu nimekwisha kusikia habari ile ile kutoka kwa akina mama wa hospitali nyingine nyingi. Alikuwa na kadi ya kuonyesha kuwa watoto wake wamelazwa, lakini walinzi wakibadilishana zamu ilibidi aeleze upya. Kuna jioni alizuiwa kuingia kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imepita. Alisimama getini maziwa yanalowesha gauni, kikombe mkononi. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alipewa amri moja kwa watu wote, na kwenye amri hiyo hapakuwa na kundi la watu kama mdogo wangu. Kilichonishtua zaidi kilikuwa kwenye vikombe. Siku alizolala sakafuni bila kula vizuri, maziwa yalishuka hadi chini ya nusu ya kikombe kidogo, na wauguzi wakaanza kuuliza kama tunaweza kununua maziwa ya kopo. Kopo hilo ni ghali, na kwa mtoto wa kilo moja lina hatari zake. Sahani ya wali na maharage pamoja na kitanda vingetosha kulizuia swali hilo.

Mapacha wana mambo yao ambayo wodi zetu hazijayafikiria. Mara nyingi hawaendi kwa mwendo mmoja. Kulwa anaongezeka uzito, anahamishiwa wodi ya kangaruu. Doto bado yuko kwenye mashine ya kumsukumia hewa puani, jengo la pili. Mama anagawanyika. Kisha Kulwa anaruhusiwa kabisa, na hapo huja amri ngumu kuliko zote: mtoto aliyeruhusiwa asirudi wodini, kwa hofu ya maambukizi. Basi mama achague. Abaki na Doto na kumwacha Kulwa wa kilo moja na nusu kwa bibi, bila ziwa, au aende na Kulwa na Doto abaki akinyweshwa na wageni. Hospitali inayomhesabu mama kuwa sehemu ya tiba isingemfikisha hapo. Ingewaruhusu watatu wabaki pamoja mpaka wote wawili watakapokuwa tayari, au ingekuwa na chumba cha karibu ambako aliyeruhusiwa anakaa na mama bila kuhesabiwa mgonjwa.

Na kuna mama ambaye mmoja wa mapacha anafariki. Hili lazima lisemwe, maana linatokea sana. Anapewa mwili asubuhi, ndugu wanakwenda kuzika bila yeye, kwa sababu saa sita mchana aliyebaki anahitaji maziwa. Anarudi kwenye benchi lile lile, miongoni mwa wanawake wale wale, na wengine wanaendelea kumwita mama mapacha kwa mazoea. Hana chumba cha kulilia. Anakamua huku analia, na maziwa yanagoma kushuka. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye varanda hizi anamjua mama huyu. Chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungika, na ruhusa ya mumewe au mama yake kulala naye usiku ule, ni huduma ya afya kwa mtoto aliyebaki.

Hapo baba anaingia. Katika wodi zetu nyingi baba haruhusiwi kupita mlango wa watoto mahututi, au anaruhusiwa kwa dakika chache kama mgeni rasmi. Sababu inayotolewa ni staha ya wanawake wanaonyonyesha, nayo ni sababu ya kweli, pazia linaitatua. Katika utafiti ule wa 2021, jamaa wa mtoto walipokezana na mama kumshika. Kwa mapacha hilo halikwepeki, maana mama ana kifua kimoja na mshono ambao haujapona. Anaweza kuwabeba wote wawili kwa saa kadhaa, lakini kwa saa 17 lazima awepo baba, bibi au shangazi wa kumshika mmoja. Nimemwona shemeji yangu, dereva wa bodaboda, mtu wa maneno machache, alipovuliwa shati akafungiwa Doto kifuani kwa mara ya kwanza. Alikaa bila kujigeuza kwa muda mrefu mpaka muuguzi akamwambia anaweza kupumua. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kumkumbusha nauli wala chakula cha mkewe.

Wapo watakaosema nafasi hakuna. Ni kweli, majengo mengi yalichorwa enzi ambazo mtoto mahututi wa kilo moja hakutegemewa kuishi. Lakini vyumba vipya vya watoto wachanga vinajengwa sasa, hadi hospitali za wilaya, na bado michoro mingi ina nafasi ya mashine bila nafasi ya mama. Wengine watasema mama wengi wodini wataleta maambukizi. Utafiti uliofanyika hapa kwetu pia umeonyesha kinyume: waliokaa na mama zao walipata maambukizi kidogo zaidi. Mama anayenawa mikono na kumgusa mtoto wake tu ni salama kuliko mikono ya muuguzi mmoja anayezunguka kwa watoto wengi usiku kucha.

Hoja ya uhaba wa wauguzi nayo inageuka ukiitazama vizuri. Mwaka 1979 huko Tallinn, Estonia, daktari Adik Levin alikuwa na uhaba huo huo. Akawaingiza akina mama wakae na watoto wao wagonjwa saa 24, wawalishe, wawapime joto, wawabadilishe, na wauguzi wakabaki na kazi za kitaalamu na za kufundisha. Mtindo huo ukaja kuigwa Canada, nchi isiyo na shida ya mashine. Nako Stockholm, utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa njiti waliolazwa katika vyumba ambamo wazazi wanaishi nao waliondoka hospitali mapema kwa wastani wa siku tano kuliko wengine. Siku tano za kitanda cha watoto mahututi zina gharama kubwa kuliko milo 15 ya mama yake, Stockholm au Singida.

Nchini kwetu hoja hii tuliikubali zamani upande wa pili wa uzazi. Tuna nyumba za kusubiria wajawazito karibu na hospitali, kwa ajili ya wanaoishi mbali na wenye mimba za hatari, na mama wa mapacha ni mmoja wa wanaoshauriwa kwenda kukaa huko wiki za mwisho. Serikali, halmashauri na wafadhili walikubali kwamba umbali unaua, kwa hiyo mama apewe pa kulala kabla hajajifungua. Umbali ule ule upo siku ya nne baada ya upasuaji, na barabara haijafupika. Mahali penye nyumba ya kusubiria, chumba kimoja cha waliojifungua njiti kinaweza kuanza mwezi huu bila kumwaga zege.

Sheria ya kazi imeanza kuelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Wiki sita hospitali ni siku 42. Zilizobaki ndizo za kumzoea mtoto nyumbani. Mabadiliko ya 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua njiti, baada ya kampeni ndefu ya watetezi wa watoto hawa, akiwamo Doris Mollel na taasisi yake. Nashukuru kwa dhati. Ila wengi wa wanawake ninaowaona kwenye mabenchi hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Wanauza mbogamboga, wanalima, wanapika chapati asubuhi. Kila siku wanayokaa hospitali ni siku ya kipato iliyopotea. Kwao likizo halisi ni sahani ya chakula na mahali pa kulala. Kitu hicho kinaweza kuingia katika mafao ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, kama gharama ya mtoto aliyelazwa.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya si kikubwa. Kila mama mwenye mtoto kwenye chumba cha mahututi apewe namba ya kitanda isiyofutwa mpaka mtoto atoke. Apewe kitambulisho kinachomruhusu kupita getini saa yoyote bila maelezo. Ahesabiwe kwenye jiko la hospitali asubuhi, mchana na jioni. Na kabla mchoro wa jengo jipya la mama na mtoto haujasainiwa, mhandisi akae na wauguzi wa zamu ya usiku wamhesabie: kwa vitanda kumi vya watoto, vitanda vingapi vya mama, bafu ngapi, chumba cha kukamulia kiwe wapi, na kwa kila mama wa mapacha, kiti cha pili cha mtu atakayemshika Doto kiwekwe wapi.